Umechanja taifodi na kuku bado wanakufa: hesabu siku tangu sindano

"Nimechanja, lakini kuku wanakufa." Kauli hii husikika kila siku kwenye maduka ya dawa za mifugo, na peke yake haisaidii kitu. Inaacha mambo mawili: ulichanja ugonjwa gani, na zimepita siku ngapi tangu sindano. Kuku anayekufa dakika kumi baada ya kuchomwa, anayekufa siku ya tano na anayekufa mwezi wa tatu wameuawa na vitu tofauti kabisa, ingawa wote watatu lawama huiangukia chanjo. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, chukua daftari, andika tarehe ya chanjo, kisha panga vifo vya kila siku chini yake, banda kwa banda. Sehemu kubwa ya jibu itaonekana hapo.

Kwanza: chupa iliandikwa nini?

Magonjwa ya bakteria ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki huyachanjia ni matatu hasa. Taifodi, au homa ya matumbo ya kuku, huletwa na Salmonella Gallinarum. Kipindupindu cha kuku huletwa na Pasteurella multocida. Mafua makali, yaani koraiza, huletwa na Avibacterium paragallinarum. Kideri (mdondo), gumboro, ndui na mareksi ni magonjwa ya virusi, na chanjo zake hazimkingi kuku na bakteria hata kidogo.

Jambo hili laonekana la wazi, lakini ndilo kosa linaloongoza. Kideri na taifodi zote huleta kinyesi cha kijani, na zote huua. Mfugaji aliyechanja kideri mara tatu huona kinyesi cha kijani, akasema chanjo ni feki. Angalia kilemba: kwenye taifodi hupauka kwa sababu kuku amepungukiwa damu, na kuku hufa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, wengi wakiwa wakubwa. Kideri hufagia banda kwa siku chache, na wanaobaki huweza kupinda shingo au kutetemeka. Ukimpasua kuku wa taifodi, ini limevimba, linakatika kirahisi na lina rangi ya shaba iliyochanganyika na kijani, hasa likikaa hewani kidogo. Bandama huwa kubwa kuliko kawaida, na kwa mtetea anayetaga viini ndani ya mfuko wa mayai vimekunjamana na kubadilika rangi. Kuku wa kipindupindu hufa ghafla akiwa na mwili mzuri, wakati mwingine ndani ya kiota, kilemba na ndevu zikiwa zimeiva rangi ya zambarau, na ini lina vidoa vidogo vyeupe kama ncha za pini. Koraiza haihitaji kisu: uso umevimba, jicho limefumba, na harufu mbaya hukupokea mlangoni.

Jambo la pili la kusoma kwenye chupa ni kama chanjo ni hai au mfu. Chanjo hai ya taifodi ina bakteria wazima waliopunguzwa makali, aina inayoitwa 9R, iliyoelezwa na mtafiti Mwingereza H. Williams Smith mwaka 1956 na inayotumika hadi leo. Huja kama kitonge kikavu kwenye kichupa, na maji yake ya kuchanganyia kando. Chanjo mfu huja tayari majimaji: nyeupe kama maziwa ikiwa ni ya mafuta, au yenye mashapo chini ikiwa ina chumvi ya alumini. Chanjo hai huuawa na joto, spiriti na antibiotiki. Chanjo mfu haijali antibiotiki, lakini ikiganda kwa baridi imekwisha. Anayechanganya kanuni za moja na za nyingine huharibu zote mbili.

Hapa TEMEVAC, chanjo ya kideri ya matone ya jicho inayotengenezwa Kibaha, imewafanya wengi wazembee bila kukusudia. Imetokana na aina ya virusi iitwayo I-2 inayovumilia joto, ndiyo maana huweza kufika vijijini bila friji muda wote. Mtu aliyeizoea huweka chanjo ya taifodi kwenye mfuko wa shati akapanda bodaboda. Taifodi haivumilii safari hiyo.

Ndani ya saa 24

Kuku akifa mkononi au dakika chache baada ya kuachiwa, mpasue papo hapo. Damu iliyoganda kuzunguka ini au moyo maana yake sindano iliingia ndani ya kifua. Hutokea ukichoma msuli wa kidari kwa kusimamisha sindano wima, au ukitumia sindano ndefu kwa kuku mdogo. Chagua sindano ya nusu inchi, uilaze, na uelekeze mbali na ini. Chanjo hai ya taifodi mara nyingi huchomwa chini ya ngozi, nyuma ya shingo, theluthi ya chini karibu na mabega, si kidarini. Fuata karatasi iliyo ndani ya boksi.

Ukikuta maiti kadhaa zimelaliana kwenye kona, zimebanwa, bila damu ndani, hao wamekosa hewa. Walirundikana walipokuwa wakikamatwa. Chanja alfajiri, punguza mwanga, gawa banda kwa mbao au wavu, na usizungushie kuku wengi mahali pamoja.

Shingo iliyopinda baada ya sindano ni uti wa mgongo uliochomwa. Kichwa kilichovimba ni dawa iliyowekwa juu mno, karibu na fuvu. Mguu unaoburuzwa ni sindano ya pajani iliyogusa mshipa wa fahamu. Hakuna dawa ya kurekebisha haya. Rekebisha mkono wa mchomaji.

Kuku wote kunyong'onyea na kula kidogo kwa siku moja ni kawaida, zaidi kwa chanjo ya mafuta. Ikizidi, huenda chupa ilitoka kwenye friji moja kwa moja hadi kwenye bomba la sindano. Chanjo ya mafuta hutolewa saa chache kabla, ikafikia joto la chumba, kisha ikatikiswa vizuri. Ikiwa baridi huwa nzito, humuumiza kuku, na bomba halivuti kipimo kamili.

Na kama aliyechomwa ni wewe mwenyewe, na chanjo ni ya mafuta, usifunge kitambaa ukaendelea na kazi. Mafuta yale huweza kukata damu ya kidole na kidole kikapotea. Nenda hospitali wakati huohuo, ukiwa na karatasi ya chanjo mkononi, hata kama tundu ni dogo na haliumi.

Siku ya 2 hadi ya 14

Hiki ndicho kipindi chenye ugomvi mwingi, na ndicho ambacho mfugaji huwa na sababu ya kulaumu chanjo, ingawa kosa si la chanjo.

Ukichanja 9R kundi ambalo tayari lina taifodi, vifo vinaweza kupanda ghafla. Si kwamba bakteria wa chanjo wamegeuka wakali. Kuku waliokuwa wamebeba ugonjwa kimyakimya wamekamatwa, wamebanwa, wamechomwa, na mwili umepewa bakteria wengine wa kupambana nao. Kinga iliyokuwa ikishikilia mlango imeachia. Kwa sababu hiyo kuchanja "ili kuzima" mlipuko wa taifodi ni kamari. Ukitazama daftari, utaona kwamba banda lilikuwa likipoteza kuku mmoja mmoja hata kabla ya tarehe ya chanjo, na kuna siku kinyesi cha kijani kilionekana kikapuuzwa.

Chanzo cha pili ni sindano yenyewe. Kuku mmoja mwenye bakteria damuni akichomwa, sindano ileile huwapelekea wanaofuata. Dalili yake ni ramani ya vifo: banda la kwanza kuchanjwa limetulia, la pili na la tatu vifo vinaanza kwa pamoja siku kama nne hadi saba baadaye. Badilisha sindano kila unapohamia chumba kingine, na ndani ya chumba kimoja kila baada ya kuku 100 hadi 200. Ncha ikigonga mfupa hujikunja kama ndoana, itupe hapohapo. Kuku wanaoonekana wagonjwa usiwachome kabisa. Anza na mabanda yenye afya, malizia na yale yenye mashaka.

Chanzo cha tatu ni muda tu. Chanjo ya taifodi inahitaji wiki mbili hadi tatu kujenga kinga ya kutegemewa. Kuku aliyeambukizwa siku mbili kabla ya sindano, au siku tatu baada yake, atakufa kana kwamba hakuchanjwa.

Hatua za kuchukua ni hizi. Simamisha chanjo kwenye mabanda yaliyosalia. Peleka kuku maabara kabla ya kuwapa dawa (maelezo yapo mwishoni). Kisha daktari wa mifugo achague antibiotiki kwa kipimo cha usikivu, yaani kipimo cha maabara kinachoonyesha dawa ipi bado inawaua bakteria hao, kwa sababu Salmonella Gallinarum wa mashambani wamezoea dawa nyingi zinazouzwa kiholela. Jua pia gharama yake: dawa hiyo itawaua bakteria wa chanjo, kwa hiyo dozi uliyotoa hesabu imepotea. Na jua kwamba dawa hupunguza vifo bila kusafisha kundi. Waliopona wengi hubaki wabebaji, na mitetea hupitisha bakteria kwenye yai hadi kwa kifaranga. Mayai ya kundi hilo yasipelekwe kwenye kiangulio.

Uvimbe mahali pa sindano una maana mbili. Kinundu kigumu, kidogo, kisicho na joto baada ya chanjo ya mafuta ni kawaida, na ndiyo sababu baadhi ya lebo hukataza kuchinja kabla ya siku 42. Jipu laini lenye usaha wa njano kama jibini ni uchafu: bomba halikuchemshwa, sindano imetumika siku nzima, au chupa iliyobaki jana imerudishwa kazini leo.

Wiki ya 3 na kuendelea: chanjo haikushika

Sasa ndipo pa kuuliza kama chanjo ilifanya kazi. Fuata mpangilio huu, unaoanza na vyanzo vinavyokutwa mara nyingi.

*Antibiotiki.* Swali la kwanza siku zote: kuku walipewa nini kwenye maji wiki moja kabla na wiki mbili baada ya sindano? Karatasi ya chanjo hutaja siku kamili. Ukikosa, tumia muda huo. Wafugaji wengi hujibu "vitamini tu", na hapo ndipo mtego ulipo. Pakiti nyingi za unga wa "vitamini", "kupunguza mfadhaiko" na "kuongeza mayai" zina antibiotiki ndani: oksitetrasaiklini, neomaisini au mwenzake. Geuza pakiti usome viambato, si jina la mbele. Dawa ya kuhara damu nayo inahitaji macho: amproliamu pekee haigusi bakteria, lakini ile iliyochanganywa na salfa inawagusa. Vitamini halisi na glukosi hazina shida.

*Baridi iliyokatika.* Chanjo hizi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwenye friji ya nyumbani, mlango ndio mahali pabaya kuliko pote, maana joto hupanda kila mtoto anapochukua maji. Weka rafu ya katikati, na kipimajoto kando yake. Safarini tumia kikasha chenye barafu, lakini zungushia chupa gazeti, hasa chanjo mfu, ili isigusane na barafu ikaganda. Ukiwa na shaka, chupa yenyewe inaongea:

– Kitonge cha chanjo hai kiwe kikavu na kizima. Kilichosinyaa, kilichonata au kuyeyuka kitupe.
– Kichupa kizuri kina ombwe ndani. Ukitoboa kizibo kwa bomba lenye maji ya kuchanganyia, maji huvutwa yenyewe bila kusukuma. Yasipovutwa, hewa iliingia siku nyingi, usikitumie.
– Chanjo ya mafuta iliyoganda hutengana tabaka mbili, na ukitikisa hazirudi kuwa kitu kimoja.
– Chanjo ya alumini iliyoganda huonyesha vipande kama maziwa yaliyokatika, na huzama haraka ikaacha maji maangavu juu.

Umeme ukikatika mara kwa mara kwenye duka unalonunulia, utakuwa unalipia maji. Uliza kama wana jenereta au friji ya sola, na usione haya kuomba kuona kipimajoto chao.

*Spiriti na dawa za kuua vijidudu.* Mtu msafi huiua chanjo hai kwa usafi wake. Anafuta kizibo kwa spiriti, anasafisha bomba kwa klorini, kisha anavuta chanjo. Mabaki machache yanatosha. Bomba la chanjo hai husafishwa kwa kuchemshwa kwenye maji matupu dakika 20, likapoa kabisa kabla ya kutumika, kwa sababu bomba la moto nalo huua. Ngozi ya kuku usiipake kitu.

*Kuchanganya na muda.* Tumia maji yaliyouzwa pamoja na chanjo. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya dukani hayakutengenezwa kwa bakteria walio hai. Ingiza mililita 5 kwenye kichupa, zungusha taratibu kitonge kiyeyuke, vuta, rudisha kwenye chupa kubwa. Suuza kichupa mara mbili kwa namna hiyohiyo, maana kisiposuuzwa sehemu ya dozi hubaki kwenye kuta. Andika saa kwa kalamu juu ya chupa. Baada ya hapo una saa moja hadi mbili, kivulini, chupa ikiwa juu ya barafu. Mchanganyiko ulioanza saa 1 asubuhi na kumalizika saa 6 mchana umewachanja kuku wa kwanza tu. Kama una kuku 1,000 na mchomaji mmoja, fungua kichupa cha pili baadaye badala ya kuchanganya vyote kwa pamoja.

*Kipimo.* Bomba la kujirudisha, lile linalojijaza lenyewe baada ya kila sindano, hupoteza kipimo bila kelele: mpira umelika, skrubu imelegea, hewa imeingia kwenye mrija. Kabla ya kuanza, piga mara kumi ndani ya bomba la kawaida la plastiki. Kwa dozi ya ml 0.2, mipigo kumi ilete ml 2 kamili. Rudia kila baada ya kuku 200.

Ukimaliza, hesabu kilichobaki. Tuseme kichupa ni cha dozi 500, maji ni ml 100, kuku ni 480. Wametumia ml 96, kwa hiyo zibaki kama ml 4. Zikibaki ml 30, wastani wa dozi ulikuwa chini ya ml 0.15, au kuna kuku zaidi ya mia hawakuchomwa kabisa. Zikiisha ukiwa kwenye kuku wa 400, bomba lilikuwa likitoa ml 0.25 au linavuja. Tarakimu hizi ziandike siku hiyohiyo. Baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka. Na kama manyoya ya shingo yamelowa baada ya sindano, ncha ilitokea upande wa pili wa ngozi na chanjo imeenda kwenye maranda. Kuku huyo arudiwe.

Wapo wanaoongeza maji ili kichupa cha dozi 500 kitoshe kuku 800. Chanjo hai ya 9R inategemea idadi ya bakteria wazima wanaoingia, kati ya milioni 5 na milioni 50 kwa kuku. Kupunguza nusu si kupunguza nusu ya kinga; huenda kinga isijengeke kabisa.

*Umri na marudio.* Utaratibu uliozoeleka kwa 9R ni dozi ya kwanza wiki ya 8 na ya pili wiki ya 16, kabla kuku hawajaanza kutaga. Dozi moja ya wiki ya 8 haitamfikisha kuku wa mayai mwisho wa utagaji, na hapo ndipo hadithi nyingi za "chanjo ilifanya kazi mwanzoni" zinapotoka. Vifaranga wachanga usiwachome chanjo hii. Wanaotaga pia waachwe mpaka daktari aseme, kwa sababu bakteria wa chanjo huweza kukaa mwilini miezi mingi na kupita kwenye yai. Kuku wa nyama wanaouzwa wiki ya 5 au ya 6 hawafiki hata umri wa dozi ya kwanza. Kinga yao ni vifaranga safi na banda safi.

*Kuku aliyechoka.* Gumboro ya utotoni huharibu kiungo kinachozalisha askari wa kinga, na chanjo zote zinazofuata hushika vibaya. Mahindi yenye ukungu hufanya madhara ya namna hiyohiyo polepole. Minyoo itolewe wiki mbili kabla ya chanjo, si siku ileile.

*Ugonjwa mwingi kupita kinga.* Chanjo ya taifodi hupunguza vifo. Haifungi mlango kwa komeo. Mizoga ikiachwa bandani hadi jioni wenzao wakaidonoa, panya wakilala kwenye gunia la chakula, vifaranga wapya wakiingizwa kando ya kuku wakongwe, hata chanjo iliyotolewa vizuri itashindwa. Kagua pia utitiri mwekundu usiku kwa tochi, kwenye nyufa za vichanja: Salmonella Gallinarum huweza kukaa ndani yake na kuwangoja kuku wapya, hata baada ya banda kupumzishwa na kupakwa chokaa.

Kipindupindu na koraiza: aina isiyo yako

Kwa magonjwa haya mawili yote ya baridi na kipimo yanabaki, ila kuna chanzo kimoja zaidi ambacho ni kizito: chanjo mfu hukinga aina zilizomo ndani yake tu.

Koraiza ina makundi A, B na C, na kinga ya moja haivuki kwenda kwa jingine. Chupa yenye A na C haitazuia mlipuko wa B, hata ukichanja mara nne. Hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki 3 hadi 4, na dozi ya mwisho iwe imekamilika wiki kadhaa kabla ya utagaji. Iliyoshika vizuri huonekana hivi: kuku wanaweza kupiga chafya kidogo, lakini nyuso hazivimbi na trei za mayai hazipungui. Ukiona nyuso zimevimba na harufu ipo wiki sita baada ya dozi ya pili, omba maabara itambue kundi. Mafua ya polepole yasiyo na harufu, yenye kukoroma usiku kwa wiki nyingi, mara nyingi ni ya mikoplazma, bakteria wa aina nyingine, na chanjo ya koraiza haihusiki.

Kipindupindu ni vivyo hivyo. Aina za 1, 3 na 4 ndizo huwekwa sana kwenye chanjo, nazo hutaka dozi mbili. Ni ugonjwa wenye heshima yake katika historia, maana chanjo ya kwanza kabisa kudhoofishwa maabara, ile ya mwanasayansi Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1879 na 1880, ilikuwa ya kipindupindu cha kuku. Hata hivyo hadi leo mfugaji mwenye bata mzinga, kuku na panya ndani ya uzio mmoja huhangaika nao. Ukichanja sawasawa na ugonjwa bado unaua, zungumza na daktari kuhusu chanjo inayotengenezwa kutokana na bakteria waliotolewa kwenye shamba lako mwenyewe.

Kupeleka kuku maabara

Tanzania, Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) una makao yake Temeke, Dar es Salaam, na vituo mikoani. Kenya, maabara kuu ya mifugo iko Kabete. Peleka kuku watatu hadi watano: wawili waliokufa saa chache zilizopita, wengine wagonjwa walio hai. Mizoga iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, juu ya barafu, isigandishwe. Aliyekwisha kunywa antibiotiki hupunguza uwezekano wa bakteria kuota, kwa hiyo chagua ambaye hajaonja.

Ambatisha karatasi yenye umri wa kundi, vifo vya kila siku, dawa zote za wiki mbili zilizopita pamoja na zile pakiti za "vitamini", na jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya sindano. Neno "chanjo hai ya 9R" liandikwe waziwazi. Bakteria huyo anaweza kuota kutoka kwenye ini miezi baada ya sindano, na maabara isiyojua huweza kurudisha jibu la "Salmonella Gallinarum" ukadhani ni ugonjwa kumbe ni chanjo yako. Wakijua, wana njia ya kuwatenganisha. Kipimo cha damu cha kibao (tone la damu huchanganywa na kitendanishi juu ya kibao) kwa kawaida hakiwashwi na 9R, kwani aina hiyo imepoteza sehemu ya ganda la nje inayotambuliwa na kipimo; kundi likionyesha kuku wengi wenye jibu chanya, usikimbilie kusema ni sindano.

Kwa wanaouliza kama taifodi hii itawapata watoto nyumbani: ya binadamu huletwa na Salmonella Typhi, bakteria mwingine, na Gallinarum ni wa ndege. Mzoga hata hivyo usiliwe wala usiuzwe. Uchome au uufukie kina ambacho mbwa hawafikii, na chanjo iliyobaki kwenye chupa ichemshwe dakika 20 kabla ya kutupwa.